Gari Lile Lile

Mwalimu hakuwa mwalimu wa darasani. Alifundisha watu kuendesha gari, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wale ambao hawajawahi kushika usukani tangu wazaliwe. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi wake waliiogopa kuliko kelele. Gari lake la kazi lilikuwa kuukuu hivi kwamba walilipa jina la Bibi, na upande wa abiria lilikuwa na pedali yake ya breki. Mwalimu alikuwa akiikanyaga bila hata kuacha kuzungumza.

Alifundisha kwa ukali, kwa sababu kuna jambo moja alilokuwa analiamini kama anavyoamini kuwa kesho kutakucha: ajali zote chanzo chake ni dereva. Gari halina kosa, barabara haina kosa. Mtu akigonga au akigongwa, Mwalimu alitaka kujua alikuwa anaangalia wapi.

Mdogo wake wa mwisho alifundisha naye. Huyu walimbandika jina la Chapuo, ile ngoma ndogo, tangu utotoni, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na mapumziko. Wanafunzi waoga walipelekwa kwa Chapuo, akawa anawachekesha mpaka wanasahau kwamba wanatetemeka. Wale wenye vichwa vigumu walibaki kwa Mwalimu.

Na juu yao wote wawili alikuwapo kaka yao. Yeye alikuwa mkuu wa mauzo katika kampuni iliyouza magari mapya. Kazini walimwita Bwana Tai kwa sababu hakuonekana bila tai hata siku ya joto kali, naye kila mara aliwakumbusha kwamba ni tai ya shingoni, si yule ndege wa mizoga. Baba yao alipofariki, ndiye aliyeshika nafasi yake. Alimsomesha Chapuo. Alisimamia harusi ya Mwalimu, na baadaye mazishi ya mumewe. Mwalimu hakuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kumwambia jambo akalipokea bila kulipima kwanza.

Binti wa pekee wa Mwalimu alikuwa ughaibuni, akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja. Alikuwa amejinunulia gari dogo la buluu, jipya, na siku moja mchana alimpigia mama yake simu akiongea polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu yenye utelezi.

"Mama, usishtuke. Nimepata ajali. Ila mimi niko sawa, nimesimama hapa kwa miguu yangu."

Picha zilifuata. Mwalimu alizitazama moja moja akiwa amekaa ndani ya Bibi, mwanafunzi wake akisubiri nje. Pikapu ilikuwa imepita kwenye makutano bila kusimama ikamvaa binti yake mbele, upande wa dereva. Boneti lilikuwa limekunjamana kama karatasi. Lakini ndani mifuko ya hewa ilikuwa imefumuka na kuning'inia kila mahali, kwenye usukani, pembeni, mpaka juu ya madirisha, utadhani mtu ameanika mashuka ndani ya gari. Binti alikuwa na wekundu kwenye mikono na kifua kinachouma. Basi. Jioni ile alikwenda kazini kuomba ruhusa kwa miguu yake mwenyewe.

Mwalimu alilia, akashukuru, akafuta macho, akamwita mwanafunzi. Wiki nzima alifanya tukio lile kuwa somo. "Wenzetu kule wana adabu barabarani," aliwaambia. "Ndiyo maana wanapona." Kwamba aliyemgonga binti yake alikuwa na adabu kidogo sana, macho yote kwenye simu, ni jambo ambalo hakulisemea, na kwa kweli hakuliwazia.

Muda si mrefu Bibi akafa giaboksi. Fundi aliyeitazama alitikisa kichwa namna ambayo haikuhitaji maelezo. Mwalimu akaenda kwa kaka yake.

Ukumbi wa kuuzia magari ulikuwa na sakafu inayong'aa hadi mtu anaona soli zake. Katikati, juu ya jukwaa dogo, lilikuwa gari lile la binti yake. Lile lile, uso ule ule, taa zile zile za mviringo, ila hili lilikuwa jeupe. Mwalimu alilizunguka, akalipapasa mlango.

"Kaka, hili si ndilo la mwanangu?"

"Ndilo." Bwana Tai alimfungulia mlango kama anavyofunguliwa bibi harusi. "Kiwanda kimoja, jina moja. Ingia, kaa."

Akakaa. Harufu ya upya ikamjaa puani. "Nauliza kwa dhati. Ndilo lile lile lililomwokoa?"

"Lile lile, hadi skrubu."

"Kila kitu?"

"Mdogo wangu," alisema akicheka, mkono begani kwake, "mimi nikuuzie wewe kitu pungufu?"

Wote wawili wakacheka. Siku ile Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na roho nyeupe. Gari likafungwa pedali ya pili ya breki, likabandikwa maandishi ya chuo ubavuni, na Chapuo akatangaza kwamba hatalipa jina mpaka lionyeshe tabia yake.

Halikupata jina. Asubuhi moja Chapuo alimpeleka mwanafunzi kwenye mtihani wa leseni, akamwacha huko, akawa anarudi peke yake. Kwenye makutano ya karibu na soko la mbao, pikapu iliyobeba mabati ilitokea upande ambao haikuwa na haki ya kutokea. Haikuwa na kasi kubwa. Mwenye duka la rangi, aliyeona kila kitu akiwa mlangoni, alisema hata yeye alidhani ni kugusana tu, watashuka watukanane yaishe.

Mwalimu alipofika, Chapuo alikuwa ameshatolewa na kupelekwa hospitali. Lilibaki gari. Kwa nje halikuwa la kutisha. Aliwahi kuona mabaya zaidi yakirudi barabarani. Ila ndani, usukani ulikuwa umesukumwa hadi karibu na kiti, na nguzo ya mlango ilikuwa imeingia ndani ikapinda pale ambapo paja la mtu hukaa. Alitafuta kwa macho bila kujua anatafuta nini. Hakukuwa na kitu kilichoning'inia. Kulikuwa na plastiki iliyovunjika, kiatu kimoja cha Chapuo, na damu.

Madaktari walimfanyia Chapuo upasuaji mara kadhaa. Paja lilikuwa limevunjika vibaya, nyonga pia, na mbavu, na taya lilifungwa kwa waya. Siku alipoweza kutoa maneno ya kwanza, kwa meno yaliyobana, Mwalimu aliinama kumsikiliza.

"Dada," alisema Chapuo. "Nilikuwa nimefunga mkanda."

Hilo ndilo lililokuwa limemkaa moyoni siku zote hizo. Mwalimu alimjua mdogo wake, akajua alikuwa anajitetea. Na kwa kuwa kazi ilikuwa imeshamla akili, badala ya kumwambia apumzike, alimuuliza.

"Kushoto uliangalia?"

Chapuo alifumba macho, akayafumbua. "Niliangalia."

"Mara ya pili je? Kabla ya kuingia?"

"Sikumbuki, Dada."

Bwana Tai alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, anamenya chungwa ambalo mgonjwa asingeweza kulila. Aliendelea kumenya. Baadaye, kwenye ngazi, Mwalimu alimuuliza lililokuwa linamsumbua. Kwa nini mtoto alitoka mzima na huyu ametoka hivi? Gari moja, pikapu na pikapu.

Kaka yake alishusha pumzi. "Huwezi kufananisha. Kule barabara zimepangwa, gari la wagonjwa linafika mtu hajamaliza kupiga simu. Hapa kwetu unajua mwenyewe. Na madereva wetu..." Akashika ukuta wa ngazi. "Chapuo naye unamfahamu. Mdomo mbele."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale yale aliyowafundisha wanafunzi miaka yote. Usiku huo na mwingine uliofuata alikuwa akimkasirikia mdogo wake kimoyomoyo, akijiona mbaya kwa hasira hiyo, lakini hakuacha. Angeangalia mara ya pili. Kuangalia tu, kungemgharimu nini?

Aliyefungua mambo hakuwa na nia ya kufungua lolote. Wifi yake, mke wa Bwana Tai, alikuwa mtu mpole asiyependa makuu, na katika kipindi chote kile alikuwa akileta nguo safi na uji mwepesi wa mgonjwa. Mchana mmoja jua kali, alimkuta Mwalimu kwenye geti la hospitali akisubiri usafiri.

"Ingia wifi, nikusogeze. Leo nimekuja na gari langu."

Lilikuwa lile lile. Jeupe, taa za mviringo. Mwalimu alijua kuwa wifi yake ana gari kama la kwao, ila hakuwa amewahi kulipanda. Akaingia, akavuta mlango. Mlango ukajifunga kwa sauti nzito, si ule mlio wa debe aliouzoea. Akageuza shingo. Kwenye nguzo, juu ya dirisha, palikuwa na maandishi madogo yaliyochongwa ndani ya plastiki. Katikati ya usukani, maandishi kama yale. Mbele ya magoti yake, tena. Gari la chuo alilijua vizuri: lenyewe, sehemu zote hizo zilikuwa tupu, laini kama kiganja.

"Wifi, haya maandishi ni ya nini?"

"Si ya ile mifuko ya hewa?" Wifi alikuwa anarudi nyuma kwa uangalifu, macho kwenye kioo. "Mimi sielewi sana. Nilitaka kuchukua palepale kazini kwake, kaka yako akakataa kabisa. Akasema nivumilie aniagizie la kule, haya yanayoletwa huku yamepunguzwa."

"Yamepunguzwa nini?"

"Mifuko, na sijui vyuma fulani vya milangoni..."

Gari lilisimama katikati ya njia ya kutokea. Wifi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na ameacha kuangalia kioo. Aliyekuwa nyuma yao akapiga honi.

"Wifi," alisema taratibu. "Nilidhani mnajua. Wallahi nilidhani alikwambia, ukaamua mwenyewe."

Mwalimu alikuwa anaona kitu kimoja tu: kaka yake akimenya chungwa, ngozi ikishuka kwa mzunguko mmoja mrefu bila kukatika, na yeye akimhoji Chapuo kushoto na kulia.

"Nipeleke kazini kwake," alisema.

Ukumbini kulikuwa na wateja, mume na mke, wanazunguka gari la kwenye jukwaa. Bwana Tai alikuwa akiwaeleza habari za mafuta kidogo na vipuri tele. Alipomwona dada yake ameingia na mkewe nyuma yake, mkewe akitazama sakafu, sentensi yake ilikatika katikati. Akawaomba wateja radhi, akamwongoza Mwalimu hadi kwenye chumba chake cha vioo.

"Kuna mabadiliko hospitali?"

"Gari la mkeo lina mifuko ya hewa. Langu halina."

Alilegeza tai. Mwalimu alikuwa hajawahi kumwona akifanya hivyo mchana.

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Sikiliza basi. Kiwanda ni kimoja, sikukudanganya hapo. Yanapita kwenye mstari mmoja. Yakifika mahali, linalokwenda kule linafungwa hiki na hiki, kwa sababu kule sheria inawabana, bila hivyo halishuki bandarini. La kwetu halifungwi. Sheria yetu haidai. Mtu wa huku anataka rangi, anataka redio, anataka bei anayoiweza. Ndivyo wanavyoona wao. Sikupanga mimi."

"Najua hukupanga wewe."

"Na wewe la kuagiza usingeliweza. Ningekwambia, ungebaki na nini? Ungerudi kwenye Bibi. Bibi alikuwa na mifuko?"

Hapo alikuwa amesema kweli, na Mwalimu alikiri kimoyomoyo kwamba ni kweli. Ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba kaka yake alikuwa na majibu mazuri, yamepangwa yakapangika, maana yake alikuwa amekaa nayo siku nyingi.

"Bibi sikumwamini," alisema. "Ningekuwa na gari nisiloliamini, ningemwambia Chapuo apite njia ya nyuma, asipite sokoni. Ningefanya kitu. Mimi nilikuuliza, Kaka. Nilikuuliza mara mbili, ukanishika bega."

Bwana Tai alitazama meza.

"Hilo naweza kulivumilia," Mwalimu aliendelea, na sauti yake ikazidi kushuka. "Muuza duka ni muuza duka. Lakini pale kitandani ulinisikia namuuliza mdogo wetu kama aliangalia kushoto. Taya limefungwa waya, namhoji kama polisi. Ulikuwa umekaa. Ulijua. Ukaniacha."

"Ningesema nini pale, mbele yake?"

"Na kwenye ngazi? Hapakuwa na mtu. Ukaniambia mdomo mbele."

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kulia bila sauti.

Mwalimu alitoka. Wateja walikuwa bado pale, yule mama amekaa kwenye kiti cha dereva akijaribu usukani. Mwalimu alimsogelea akamsalimu kwa heshima zote.

"Samahani dada yangu. Kabla hamjakata shauri, mwulizeni bwana yule mke wake anaendesha gari gani, na kwa nini hakulichukua hapa."

Akatoka nje kwenye jua, akatembea mpaka nyumbani kwake.

Siku ile ile alikwenda hospitali. Alimwambia Chapuo kila kitu, kisha akamwomba msamaha kwa yale maswali. Chapuo alisikiliza, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni kwa kuwa hakuweza kugeuka, na dada yake alipomaliza, alisema kwa meno yaliyobana kwamba kama hivyo ndivyo, basi angalau yeye sasa ataacha kuota ndoto za makutano yale.

Mambo hayakwenda kama watu wanavyopenda yaende. Mwalimu alipeleka malalamiko serikalini, akaelezwa kwa upole kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Mwandishi mmoja wa redio alimhoji, yakazungumzwa kidogo, yakapoa. Kampuni haikumfukuza Bwana Tai. Ilimhamishia kwenye vipuri, kwenye chumba cha nyuma kisicho na vioo. Gari jeupe liliendelea kukaa kwenye jukwaa lake na kununuliwa.

Na Chapuo, alipotoka hospitali, alihamia kwa kaka yao. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na ngazi, ile ya kaka haikuwa nazo. Wifi alimwogesha, akamfanyisha mazoezi ya viungo, akamvumilia. Kaka mwenyewe alimbeba mikononi kwenda uani kuota jua. Mwalimu aliwatembelea kila alipopata nafasi, akiingilia mlango wa jikoni, akikaa na mdogo wake, akiondoka kabla mwenye nyumba hajarudi.

"Dada, itakwisha lini hii?" Chapuo alimuuliza siku moja. Alikuwa anatembea kwa magongo sasa, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. "Mimi ndiye niliyevunjika. Mimi nimemsamehe."

"Wewe una haki ya kumsamehe."

"Na wewe?"

"Wewe ulivunjwa na gari lake," alisema Mwalimu. "Mimi alinifanya nikuone mwenye kosa."

Chapuo alichukua magongo yake, akamsindikiza hadi mlango wa jikoni.

Mwalimu alirudi kufundisha kwa gari la kukodi. Alibaki na ukali wake wa mkanda na vioo, lakini kuna jambo lilikuwa limevunjika kwenye masomo yake. Mwanafunzi alipouliza mbona nchi nyingine watu hawafi sana barabarani, alianza kueleza habari za vyuma, sheria na viwanda, kwa maneno ambayo hakuyazoea, akijikwaa. Wengine walichoka kumsikiliza. Walitaka leseni.

Bwana Tai alikuja kwake Jumapili moja alasiri. Alipanda ngazi bila tai, amekonda, akapokelewa, akapewa kiti na maji ya kunywa. Waliongea habari za mguu wa Chapuo na za hali ya hewa. Kisha akaweka glasi chini.

"Nimekuja nimalize. Niulize lolote."

Mwalimu alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelala nalo muda mrefu.

"Siku ile ulinishika bega. Ulikuwa unafikiria nini?"

Kaka yake alifikiri. Angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alikuwa fundi wa hayo, lakini safari hii hakufanya hivyo.

"Nilifikiri hutagonga," alisema. "Nilijua unavyoendesha. Nilijiambia, huyu hata ukimpa toroli hatapata ajali."

Alikuwa mkweli, ilionekana usoni. Mwalimu aliutazama uso ule uliomlea, akatafuta ndani yake hasira ya kumjibu nayo, akakuta uchovu tu. Watoto walikuwa wanapiga kelele chini barabarani. Akainuka, akachukua glasi, akaipeleka jikoni akaiosha. Aliporudi, kaka yake alikuwa ameshasimama na anangoja kusindikizwa.

Akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Hapo kaka alinyoosha mkono, naye akaupokea, kama anavyoupokea wa mgeni yeyote.

"Salimia wifi," alisema. "Mwambie Chapuo nitakuja kesho, saa ambazo wewe upo kazini."

Bwana Tai aliitikia, akaanza kushuka, mkono mmoja umeshika ukuta.